Zebaki kwenye samaki: namna ya kuchagua kitoweo kama nyumbani kuna mjamzito

Wadogo zangu huku Geita na Mwanza wananiuliza sana, eti kwa sababu ya mekyuri (ndio hiyo zebaki) ya wachimbaji wa dhahabu tuache kula samaki? Hapana jamani, msiache, samaki anajenga ubongo wa mtoto, ila mjue mnachagua yupi, hasa kwa mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo.

Inafikaje kwenye sahani? Mchimbaji anachanganya mekyuri na mchanga, inashikana na dhahabu, anaichoma, ule mvuke unapaa halafu unarudi chini, nyingine inabaki kwenye marudio (mchanga uliobaki baada ya kutoa dhahabu) na mvua ikipiga inasombwa mpaka ziwani. Huko kwenye tope vijidudu vinaigeuza ikawa ya aina ambayo mwili unaifyonza kirahisi, dagaa anapata kidogo, sangara anakula dagaa na furu (samaki wadogo wa ziwani) kila siku miaka yote na haimtoki haraka, kwaiyo anayekula wenzake akishakuwa mkubwa na mzee ndio anabeba nyingi.

Ukifika mwaloni (pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa), mjamzito mchukulie sato au dagaa. Sato anakula zaidi mwani na majani, dagaa haishi muda mrefu hata akusanye. Sangara nae sio sumu, wengi waliopimwa ziwa Victoria walikutwa chini ya kikomo cha miligramu 0.5 kwa kilo, ila wakubwa wanazidi wadogo, kwaiyo tafuta wa kilo mbili tatu (chini ya sentimita 50 usiguse, sheria inakataza) na lile linalobebwa na watu wawili liache. Hapa ndio tunakosea, tunampenda mjamzito tunampa mnofu wa lile kubwa! Minamata kule Japani, ugonjwa ulipogundulika 1956, kuna akina mama walionekana wazima kabisa lakini watoto wakazaliwa na ubongo umeharibika.

Ndugu wa pwani, kwenu wa kukwepa ni papa na nduaro, hata papa mkavu wa nazi, mjamzito asile. Vibua na dagaa sawa.

Alafu usidanganywe na ndimu, chumvi wala kukaanga mpaka akauke, zebaki iko ndani ya nyama yenyewe, haitoki kwa kuchemsha wala kwa kutoa ngozi na mafuta. Na kambale wa kwenye dimbwi la karibu na makarasha (mashine za kusaga mawe ya dhahabu) usimle kabisa hata ukipewa bure.

Kuna kitu kinaniuma zaidi. Nilimkuta jirani anachoma dhahabu kwenye kijiko, juu ya jiko lile lile la mkaa, sufuria ya dagaa imeteremshwa pembeni haina mfuniko na mtoto yuko mgongoni, yaani ule moshi mweupe anauvuta mtoto na unatua kwenye mboga. Kama mzee anachoma, akachomee mbali na nyumba, atumie ritoti, yaani chombo cha kuchomea kinachonasa mvuke, na nguo za kazi zisifuliwe na za mtoto.

Na kama umeshakula sangara wakubwa miezi yote usipanik, mwili unaitoa zebaki, nusu yake inaisha kama kwenye siku 50 hadi 70, kwaiyo dada unayepanga kubeba mimba anza na sato na dagaa miezi sita kabla.