Umewahi kunyimwa viza? Iseme

Kijana wa Malindi uliyeomba viza ya Italia ukakataliwa, na sasa umepata kazi Uingereza au Canada: fomu ikikuuliza kama umewahi kunyimwa viza, jibu ndiyo, hata kama ilikuwa ya nchi nyingine. Pasipoti mpya haifuti kitu. Rekodi za Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja, Italia ikiwemo), pamoja na alama za vidole, huhifadhiwa miaka 5, na Uingereza, Marekani, Canada, Australia na New Zealand hupeana habari za waombaji. Kukataliwa hakukufungii mlango. Uongo ndio unaofunga: Canada miaka 5, Uingereza hata 10.

Barua ya kukataliwa usiitupe. Soma kila sababu, kisha ijibu kwa karatasi za ushahidi. Kama walitilia shaka pesa zilizoingia benki ghafla, onyesha zilikotoka: mauzo ya shamba, mkopo wa chama, malipo ya hoteli. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Na ukijaziwa fomu kwenye saiba (duka la intaneti) au na wakala (wapo wanaokwambia “weka hapana tu”, usiwasikize), isome yote kabla haijatumwa, maana jibu litahesabiwa lako hata kama aliyeliandika ni yeye.