Jinsi ya kutengeneza stika za WhatsApp zenye maneno ya kanga

Mimi nina magonjwa matatu, kuchorachora, kushinda mtandaoni na kanga, na yote dawa yake nimeikuta sehemu moja: stika. Kama uko kwenye kundi lolote la familia unazijua zile stika za "asubuhi njema" zenye waridi na kikombe cha chai, zimezagaa mpaka zinachosha, wakati sisi tuna maneno makali kibao yamelala tu kwenye masanduku ya mama zetu. Haya twende taratibu, unahitaji simu tu, kompyuta sio lazima.

Anza na maneno, picha baadaye. Hapa ndo wengi wanaharibu, mtu anapiga picha kanga nzima anaibandika vilevile halafu anashangaa mbona haisomeki. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno sasa, chini kidogo ndani ya mji. Kwenye nguo jina hata likiwa refu poa tu, mtu anatembea nyuma yako anasoma mpaka anamaliza. Stika mtu anaiona sekunde mbili huku anapandisha meseji kwa kidole gumba. Kwa hiyo maneno mawili mpaka manne ndo saizi yake. "Wache waseme" inakaa. "Hasidi hana sababu" inakaa vizuri kabisa. "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" unaweza kuipanga mistari miwili ikasomeka.

Ila "Naogopa simba na meno yake siogopi mtu kwa maneno yake" ukiilazimisha kwenye stika moja herufi zinakuwa kama mayai ya chawa. Hiyo ikate, nusu stika ya kwanza, nusu ya pili. Na hii ya kukata ina raha yake bwana, unatuma "Naogopa simba na meno yake" halafu unanyamaza, hazipiti dakika nyingi kuna shangazi atadakia amalizie, hata kama hana stika ataandika kwa mkono.

Usijaze mafumbo ya ugomvi matupu. Weka ya shukrani, "Nani kama mama" haikosi mteja, weka ya kukaribisha wageni, weka ya mapenzi. Yale makali mimi natumia kwa mtu mmoja mmoja tu, maana kanga haimtaji mtu na utamu wake uko hapohapo, sasa ukiirusha kwenye kundi la watu arobaini kila mwenye lake moyoni atajua ni yeye, utashinda inboksi unaapa.

Sasa picha. Ukitaka kupiga kanga halisi, ipige pasi kwanza, itandaze kitandani karibu na dirisha mchana bila kuwasha flashi, simama juu yake simu ikiwa sawa na kitanda, isilale upande, la sivyo pindo moja linakuwa nene lingine jembamba. Piga karibu, usihangaike kuichukua yote. Hiyo ni ya kuchezea nyumbani. Kama unataka kusambaza pakiti kwa watu chora ya kwako, maana methali ni zetu sote lakini mchoro una mwenyewe, wale wauza kanga wa Mali ya Abdulla wa Mombasa biashara yao ni ya toka 1887 na alama yao wanaichapa kabisa pembeni ya kanga, sio vizuri kuikata hiyo alama ukajifanya kazi yako.

Kuchora sio kazi kama unavyodhani. Mimi natumia apu ya kuchorea ya ibisPaint, fungua turubai ya mraba, pikseli 1024 kwa 1024, kubwa kuliko utakayohitaji ili baadaye uipunguze. Chora korosho moja tu, lile umbo la korosho unaloliona sana kwenye kanga. Moja nzuri. Halafu inakili, igeuze, inakili, igeuze, ipange juu na chini, tayari una pindo. Pembeni mimi siweki kabisa kwa sababu linakula nafasi ya maneno, wazee wa kanga watanisamehe. Rangi mbili au tatu zinatosha, ukikwama chukua za kisutu, ile kanga ya harusi, nyekundu nyeusi nyeupe, hazijawahi kumwangusha mtu. Maneno yawe herufi kubwa, nene, zilizonyooka, achana na fonti za kujikunjakunja za kadi za mwaliko. Zamani majina ya kanga yalikuwa yanaandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo kama unaziandika vizuri tengeneza na toleo hilo, wazee watakupenda.

Ukimaliza punguza iwe 512 kwa 512, ndo kipimo cha WhatsApp, na stika isiyocheza isizidi KB 100. Acha kama pikseli 16 tupu kila upande, halafu zungushia mstari mweupe wa pikseli 8, huo watu wanauruka lakini ndo unaokoa stika kwa wenye simu ya mandhari nyeusi, bila huo pindo jeusi linapotea lote. Hifadhi kwa PNG yenye nyuma wazi, ukihifadhi JPEG utapata kiboksi cheupe nyuma, kibaya hicho. Telegram wao wana unafuu, upande mmoja ukiwa 512 mwingine unaweza kuwa mfupi, kwa hiyo kule hata kanga yenye umbo lake la mstatili inaingia.

Kabla ya kuipakia, ipunguze kwenye skrini iwe kama ukucha wa kidole gumba, nyoosha mkono, soma. Ukikunja macho, punguza maneno au nenepesha herufi.

Kuituma sasa, ndani ya WhatsApp yenyewe ukifungua sehemu ya stika kuna pa kuongeza ya kwako, inatosha kama unatengeneza mojamoja. Pakiti nzima unaweza kutumia apu ya kutengenezea stika, ziko nyingi za bure, chagua isiyokujazia matangazo. Pakiti inataka stika 3 kwenda juu, mwisho 30, na ikoni ndogo ya 96 kwa 96, hapo usiweke maneno hayataonekana, weka ile korosho yako peke yake.

Na tahajia, jamani, mpe mtu mwingine asome kabla hujatuma, kwa sababu mtu akishaihifadhi stika hata ukifuta ya kwako yeye anabaki nayo, na "Asidi hana sababu" yako itazunguka makundi yote ya ukoo mpaka harusi ya mjukuu wako.