SOMO: Ukubwa wa mnyama na eneo anakopatikana, chora uone mwenyewe

Wakuu, wengi tunaamini mnyama mkubwa ndio anaenea mbali na mdogo anaishia hapo hapo. Nusu tu ndio kweli, fuata hatua hizi.

1. Chukua kundi moja, bara moja. Mfano mamalia wa Amerika Kaskazini.

2. Kila spishi iandikie uzito kwa gramu na eneo lote inakopatikana kwa kilomita za mraba. Eneo la spishi nzima jamani, siyo pale mnyama mmoja anapozungukia kutafuta msosi, hapa watu wanachanganya sana.

3. Geuza namba ziwe logi (logarithimu, yaani 10 inakuwa 1, 100 inakuwa 2, 1000 inakuwa 3). Usiruke hii, maana kuna kirukanjia wa gramu chache na baisani (nyati wa Amerika) wa kilo mia kadhaa, bila logi wadogo wote wanarundikana kwenye kona.

4. Uzito mhimili wa chini, eneo mhimili wa wima, kila spishi nukta moja. Sasa angalia kona ya chini kulia: iko tupu! Kwa wadogo utakuta kila kitu. Kirukanjia Sorex cinereus anaanzia Alaska mpaka pwani ya Atlantiki ya Kanada, wakati kuna kipanya cha gramu kama 10 kinachoishi kwenye vinamasi vya chumvi vya ghuba ya San Francisco tu, basi. Wakubwa wenye eneo dogo ndio hawaonekani, kwa sababu mkubwa anakula sana, wanakuwa wachache kila kilomita, sasa eneo likibana idadi yote inakuwa ndogo na ukame au ugonjwa mmoja unawamaliza. Wanaikolojia James Brown na Brian Maurer waliandika haya miaka ya 1980 na mimi naona ni kati ya grafu nzuri kabisa kwenye ikolojia, nafasi tupu inakuonyesha waliotoweka.

MASWALI

Swali: Mkuu, mbona panda mkubwa, yule dubu wa China, ana eneo dogo?
Jibu: Ndio amebanwa na watu huyo. Mabaki yake yamepatikana mpaka Vietnam na Myanmar. Ukiweza tumia ramani za zamani, kabla watu hawajapunguza maeneo.

Swali: Na joka wa Komodo, yule mjusi mkubwa wa Indonesia? Kilo 70 na visiwa vichache tu.
Jibu: Swali zuri sana. Yule ni reptilia, hachomi chakula kupasha mwili joto, kwa hiyo anakula kidogo sana kuliko mamalia wa uzito ule na kisiwa kinamtosha. Ndio maana nikasema kundi moja, bara moja.