Leseni ngapi, nafasi kiasi gani: kununua huduma ya mafaili ya ofisi

Bei unayoiona kwenye ukurasa wa Google Workspace, Microsoft 365 au Dropbox, yaani huduma za kutunza na kushirikiana mafaili mtandaoni, ni ya mtu mmoja kwa mwezi. Ofisi nyingi haziumizwi na bei hiyo. Zinaumia kwa sababu zimehesabu watu vibaya, zimekadiria nafasi kwa kubahatisha, au zimejifunga mkataba wa mwaka usiopunguzika. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, pima.

Anza na mafaili. Kwenye Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya folda kuu ya ofisi, fungua sifa zake, kisha andika namba mbili: ukubwa na idadi ya mafaili. Idadi ndiyo watu huisahau. Microsoft yenyewe inashauri OneDrive, hifadhi yake ya mtandaoni, isisawazishe (yaani isilinganishe kati ya kompyuta na mtandao) zaidi ya mafaili 300,000 kwenye kompyuta moja. Ukipita hapo inakuwa nzito, hata kama mafaili yenyewe ni madogo. Toa nakala zilizorudiwa na video za sherehe, kisha pima tena.

Halafu wagawe watu. Wapo wanaohariri mafaili kila siku, wapo wanaosoma tu, na wapo wa nje, yaani wateja na mafundi. Kundi la kwanza ndilo linalohitaji leseni. Wengine wanaweza kutumiwa kiungo cha kusoma, isipokuwa kama wanahitaji barua pepe yenye jina la kampuni. Hapo leseni inarudi palepale. Usijaribu kuokoa pesa kwa kuwapa watu watatu akaunti moja. Masharti ya huduma hayaruhusu, msimbo wa kuingilia utafika kwenye simu ya mmoja tu, na folda ikifutwa hutajua nani kaifuta.

Tuchukue ofisi ya wasanifu majengo yenye watu 12, wanane kati yao wakichora na kuandika, na mafaili ya GB 800. Bei zifuatazo ni za orodha ya Marekani ya mwaka 2025, kwa mkataba wa mwaka, kabla ya kodi.

Google Workspace Business Starter ni dola 7 kwa mtu, na kila leseni inaleta GB 30 kwenye kapu la pamoja. Wanane wanapata GB 240, kwa hiyo haitoshi. Ngazi inayofuata, Business Standard, inatoa TB 2 kwa kila mtu lakini ni dola 14. Ankara inakuwa dola 112 kwa mwezi kwa nafasi ya TB 16 ambayo ofisi hii haitaijaza. Dropbox Standard ni dola 15 kwa mtu, kuanzia watu watatu, na timu nzima inagawana TB 5: dola 120. Microsoft 365 Business Basic ni dola 6, jumla dola 48. Kwa haraka haraka, Microsoft imeshinda.

Ila hapa ndipo pa kutulia. TB 1 ya OneDrive inayotangazwa ni ya kila mtu peke yake, si kabati la ofisi. Mafaili ya pamoja yanakaa SharePoint, hifadhi ya pamoja ya Microsoft 365, ambako kampuni nzima inapata TB 1 na nyongeza ya GB 10 kwa kila leseni. Kwa wanane ni takriban TB 1.1. GB 800 zinaingia, lakini matoleo ya zamani ya kila faili nayo yanahesabiwa, na mpangilio uliozoeleka unatunza hadi matoleo 500. Mchoro mmoja wa MB 40 ukifikisha matoleo 500 umekula GB 20. Nafasi ya ziada ya SharePoint imekuwa ikiuzwa senti 20 za dola kwa GB kwa mwezi. GB 200 ni dola 40, karibu sawa na leseni zote nane. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya SharePoint siku ya kwanza na kupunguza matoleo, tuseme 100 kwa maktaba ya michoro, yaani sehemu ya SharePoint inayobeba folda hizo. Asiyefanya hivyo atadhani huduma imempandishia bei kinyemela.

Sasa muda wa mkataba. Google huuza Business Standard kwa dola 14 ukijifunga mwaka, na dola 16.80 ukilipa kwa mwezi bila kujifunga. Kwa leseni nane za mwaka unalipa dola 112 kila mwezi hata wawili wakiacha kazi, maana kwenye mkataba wa mwaka unaweza kuongeza leseni lakini huwezi kupunguza hadi siku ya kuhuisha. Watu saba bila mkataba ni dola 117.60, watu sita ni dola 100.80. Basi kama wastani wako wa mwaka ni sita au chini yake, kwa sababu unaajiri vibarua wa mradi, usijifunge. Njia nzuri ni kununua mkataba wa mwaka kwa idadi ya watu ambao hakika watakuwapo, na kuongeza wengine wanapofika.

Kuhusu malipo, weka bajeti ya VAT juu ya bei: asilimia 18 Tanzania, 16 Kenya. Jaza jina la kampuni na TIN au PIN kwenye akaunti ya malipo kabla ya ankara ya kwanza. Ankara yenye jina la mtu binafsi humpa mhasibu kazi bure. Kadi ya benki ina gharama ya kubadilisha fedha, na kadi ikikwama siku ya malipo huduma inaweza kusimamishwa. Wakala wa nchini huuza kwa shilingi na kutoa risiti ya kodi ya EFD (Tanzania) au eTIMS (Kenya), na kwa ofisi ndogo hiyo pekee inaweza kustahili bei ya juu kidogo. Mtake aandike leseni, kazi ya kuhamisha mafaili na huduma ya msaada kwa mistari tofauti. Sharti moja halina mjadala: kikoa, yaani anwani ya kampuni mtandaoni, kisajiliwe kwa jina la kampuni, na akaunti ya msimamizi mkuu iwe mkononi mwa kampuni. Mkigombana na wakala asiyetimiza hilo, mafaili yote yamo mfukoni mwake.

Tumia muda wa majaribio kwa kazi halisi. Kwa kasi ya kupakia ya Mbps 10, GB 800 zinachukua zaidi ya siku saba mchana na usiku bila kukatika, kwa hiyo hamisha folda moja moja, na za mwaka huu kwanza. Washa mpangilio wa kuacha mafaili mtandaoni hadi yafunguliwe. Bila huo, kila kompyuta itajaribu kushusha GB 800 zote na laptopu zenye diski ya GB 256 zitajaa. Faili hai la programu ya uhasibu kama QuickBooks au Tally lisikae kabisa kwenye folda inayosawazishwa: programu inaliandika kila mara huku huduma ikilinakili, na mwisho unapata nakala mbili zinazopingana au hesabu zilizoharibika. Weka humo chelezo, yaani nakala za akiba, tu.

Kama unatunza taarifa za wateja, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania, au Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ya Kenya, kwenye sehemu ya kupeleka taarifa nje ya nchi, kisha muulize muuzaji data itakaa wapi.

Mtu akiondoka, hamisha mafaili yake kabla ya kufuta akaunti. Microsoft kwa kawaida hutunza OneDrive ya aliyefutwa siku 30. Google hukupa siku 20 tu za kurudisha akaunti. Na weka kumbusho siku 45 kabla ya mkataba kujihuisha, uhesabu upya nani bado anahariri. Kwa Microsoft una siku saba baada ya kuhuisha za kupunguza leseni. Zikipita, unalipia mwaka mzima.