Kununua na kupiga bunduki za zamani za risasi moja moja: pima mtutu kwanza

Juzi juzi nimemsaidia jamaa kuanza kupiga na bunduki yake ya kale aina ya Trapdoor, maswali yakawa mengi nikaona bora niandike yote sehemu moja. Naongelea bunduki za zamani za kupakia kwa nyuma, unapiga, unatoa ganda, unaweka nyingine: Sharps, Remington Rolling Block, Springfield Trapdoor ya 1873, Martini-Henry, Winchester 1885. Magobore ya kushindilia kwa mbele ni habari nyingine. Na leseni malizana nayo kabla hujatoa hela, kila nchi ina sheria yake, kusema tu "hii ni ya kale" sio kibali.

Hatua ya 1: Orijino au kopi?
Kama nia ni kupiga mara kwa mara nunua kopi (mpya iliyotengenezwa kwa muundo wa zamani), hapa sibishani na mtu. Pedersoli na Uberti wa Italia wanatumia chuma cha kisasa, na ukiwa na hela na subira kuna Shiloh wa Montana kwa upande wa Sharps. Kwa kaliba (saizi ya risasi) chukua .45-70 kama huna sababu ya kuchukua nyingine, maganda yake yapo na kila mtu anaijua. Jina lenyewe linakwambia mambo: upana inchi 0.45, na greni (kipimo kidogo cha uzito) 70 za baruti nyeusi.

Orijino nunua kwa mapenzi. Mimi ni mtu wa Rolling Block, haina vitu vingi vya kuharibika, ila angalia, zile ziliuzwa kwa majeshi ya nchi kibao na nyingi zina kaliba ambazo dukani huzipati ng'o. Ukishindwa kujua ni kaliba gani usinunue kwa kukisia.

Hatua ya 2: Kukagua
Mulika tochi ndani ya mtutu. Vishimo vidogo vya kutu sio mwisho wa dunia, mtutu uliovimba au wenye ufa ndo mwisho. Kwenye zenye nyundo ya nje, vuta nyundo nusu uone kama inashika. Skrubu zilizotafunwa maana yake kuna mtu alishaingiza bisibisi hovyo, jiulize kingine alichokigusa ni nini. Kwenye Martini soma mihuri taratibu, kuna za kuiga zilizotengenezwa karakana za mpakani mwa Afghanistan na Pakistani, unakuta herufi N imegeuzwa au maneno yamekosewa, chuma chake hakiaminiki, hizo ni za kutundika ukutani tu. Halafu fundi bunduki aione kabla ya risasi ya kwanza, hata kama muuzaji ameapa.

Hatua ya 3: Pima mtutu (hapa ndo kazi ilipo)
Watu wengi wananunua boksi la risasi za upana wa inchi 0.458 kwa sababu vitabu vinasema hivyo, wanapiga, risasi zinafika kwenye shabaha zimelala ubavu, wanalaumu bunduki. Mitutu ya zamani haifuati vitabu. Trapdoor nyingi ni pana kuliko 0.458, na risasi nyembamba haishiki mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu, moto unapita pembeni yake na mtutu unajaa madini ya risasi yaliyoyeyuka.

Kwa hiyo: hakikisha chemba (pale nyuma ganda linapokaa) iko tupu, safisha mtutu, paka mafuta kidogo. Chukua goroli la madini ya risasi laini tupu, sio ile ya vizito vya kusawazisha matairi, ile ni ngumu, liwe nene kidogo kuliko mtutu. Ligonge kwa nyundo ya mbao mpaka liingie mdomoni halafu lisukume kwa fimbo ya shaba lipite lote. Usitumie kijiti cha mbao, kikipasuka kwa mshazari kinajibana humo ndani na hapo utatafuta fundi. Wakati unasukuma sikiliza mkono, ukihisi linalegea katikati halafu linabana tena ujue mtutu umetanuka pale.

Sasa pima goroli lenyewe, kwa mikromita, venia ya kawaida haitoshi maana tunatafuta sehemu moja ya elfu ya inchi (0.001). Na hapa kuna mtego: Trapdoor ina mifereji mitatu, Martini-Henry saba, yaani upande wa pili wa mfereji hakuna mfereji mwenzake, ukipima kawaida unapata namba ya uongo ndogo kuliko ukweli. Zungushia goroli ukanda mwembamba wa shaba mzunguko mmoja, pima juu yake, toa unene wa ukanda mara mbili. Kopi nyingi zina mifereji sita so hazikusumbui.

Risasi unayotaka ni hiyo namba jumlisha 0.001 ya inchi. Ukipata mfano 0.462 inabidi 0.463, ila jaribu kwanza ganda lenye risasi hiyo bila baruti wala fataki (kile kidude cha kwenye tako la ganda kinachowasha baruti) uone kama chemba inalipokea, mara nyingine linagoma. Likigoma usilazimishe, chukua nyembamba kidogo lakini laini zaidi, yaani mchanganyiko wa sehemu 30 za madini ya risasi kwa sehemu 1 ya bati, kishindo cha baruti nyeusi kitaitanua yenyewe. Zile risasi za zamani za uzito wa greni 405 zilikuwa na shimo kwenye tako kwa kazi hiyo hiyo.

Hatua ya 4: Baruti
Orijino inakula baruti nyeusi, basi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi siigusi kwenye bunduki hizi, na boksi za .45-70 za dukani nyingine ni za bunduki za kisasa tu, presha yake itaifumua Trapdoor, soma boksi. Baruti nyeusi isiachwe na nafasi ya hewa kati yake na risasi, hata kidogo. Kilainishi cha kupaka risasi kiwe nta ya nyuki na mafuta ya wanyama, grisi za petroli zinageuka lami.

Hatua ya 5: Kupiga
Masizi yanaganda kama ukoko wa wali, kwa hiyo kati ya risasi na risasi fungua nyuma, hakikisha tupu, weka kimrija kwenye chemba upulizie pumzi mara kadhaa, unyevu unalainisha. Kukiwa na joto kavu pumzi haitoshi, pitisha kitambaa kibichi kisha kikavu. Fataki ikigoma usifungue, elekeza shabaha hivyo hivyo usubiri dakika nzima.

Hatua ya 6: Kuosha
Siku hiyo hiyo. Maji ya moto na sabuni kidogo, kausha kabisa, mafuta. Maganda nayo yatumbukize majini palepale uwanjani.