Jinsi ya kutafsiri muvi ya ndege, banda zima likae kimya

Muvi ya vita haina ugumu. Risasi zinalia, watu wanakimbia, wewe unakazana na kelele tu. Muvi ya ndege ndiyo inayomuumbua DJ, yaani mtafsiri wa muvi za banda la video. Abiria wamekaa, wote wanatazama mbele, na mtu wa bandani ambaye hajawahi kupanda ndege anajiuliza: huyu yuko wapi, na anaogopa nini? Mjibu kabla hajamuuliza jirani yake.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu nawapa Non-Stop ya 2014, ya Liam Neeson. Ukiiweza hiyo, zingine za angani zitakunyookea.

Iangalie yote kwanza, maiki imezimwa. Chora ndege kwenye karatasi: chumba cha marubani, viti vya matajiri, pazia, viti vyetu sisi, vyoo. Kila sura inayorudi muandikie kiti chake. Ukianza kutafsiri, steringi akiinuka tu sema anaelekea wapi: "Huyo, anarudi nyuma." Mimi huwaambia watu ni basi la Mwanza ambalo dereva kajifungia kwake na hakuna kugonga bodi ushuke.

Majina usiyarundike. Steringi ni Bill Marks, mwache na jina lake, ila rudia kazi yake: askari kanzu wa ndege, bastola kiunoni, abiria hawamjui. Waliobaki waite kwa kitu kinachoonekana. Dada wa Dirishani, maana aling'ang'ania kiti cha dirishani. Daktari. Polisi wa New York. Yule mtoto anayesafiri peke yake. Na adui je? Wewe unamjua, umeshamaliza muvi. Basi washukiwa wote wape sauti moja, ile ile, bila kukoroma. DJ anayemkoromea mmoja tu ameuza muvi dakika ya kumi.

Sasa meseji. Nusu ya vitisho vya muvi hii iko kwenye simu, maandishi ya Kiingereza yanayoelea juu ya picha, na aliyekaa benchi la nyuma hayasomi. Usiyatafsiri neno kwa neno, yatakupita. Shika yenye uzito: dola milioni 150 ziingie kwenye akaunti, la sivyo kila dakika 20 mtu mmoja anakufa. Kuanzia hapo wewe ndiye saa ya ukutani. "Zimebaki tano." "Zimebaki mbili." Ikifika pale inapogundulika akaunti imefunguliwa kwa jina la nani, nyamaza kidogo, kisha sema taratibu: "Akaunti ni ya Bill mwenyewe." Usiongeze kitu. Banda litaongeza lenyewe.

Sisi tuliokulia kanda za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi wa zamani, tumezoea kutia chumvi. Tia kwenye mapenzi, tia kwenye ngumi. Kwenye ufundi wa ndege kuwa mwangalifu, kwa sababu bandani hukosi mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, naye atakucheka kwa sauti. Jua haya. Ndege ikiwa futi 35,000, hewa ya ndani imesindikwa kuliko ya nje, na mgandamizo huo huo unaubana mlango: hakuna mwanamume wa kuufungua kwa mikono. Vifuniko vya hewa vya kuvaa usoni vikidondoka, hewa yake ni ya dakika 12 hadi 15 hivi, muda wa kutosha rubani kushuka chini. Mlango wa marubani ulianza kuimarishwa baada ya Septemba 2001, ndiyo maana adui hapigi teke akaingia. Na rubani aliyetekwa ana namba ya kuwaonya waongoza ndege wa mnarani kimyakimya, 7500.

Haya yanakusaidia hasa mwishoni. Bomu limeonekana, wanalisukuma nyuma na kulifukia kwa mizigo, abiria wanasogezwa mbele, na Bill anataka ndege ishuke futi 8,000. Bila maelezo, watu wanaona mabegi yanapangwa tu. Waambie: kule juu, tundu moja hewa ya ndani inaupasua ubavu wote, huku chini hewa ya ndani na ya nje zinakaribiana, ndege inaweza kuumia isife. Halafu watajie ndege za kivita zilizo ubavuni, zinazomkataza rubani kushuka. Hapo hata muuza karanga anasimama.

Sauti: jifunike blanketi wakati wa kurekodi, na shusha sauti ya muvi unapoongea, kwani mngurumo wa injini haukatiki. Ndege inapotua usiseme kitu hadi isimame.

Mpelekee mwenye banda siku ya katikati ya wiki. Simba na Yanga zikicheza, hata ukitafsiri kama malaika watakuomba ubadilishe chaneli.