Kupanda Moshi Desemba: namna ya kupanga safari ya Krismasi kutoka Dar bila kuhangaika

Kinachochosha katika safari ya Desemba kwenda Kilimanjaro ni kila mtu kutaka kufanya jambo lilelile katika siku zilezile saba. Kati ya tarehe 18 na 24 watu wanapanda, kati ya tarehe 2 na 6 Januari wanashuka, na ndani ya siku hizo tiketi, fundi wa gari, mbuzi, kitanda cha wageni na hata noti za wakala wa pesa za simu hugombaniwa. Dawa yake ni kutoyaacha maamuzi makubwa mpaka Desemba, bali kuyafanya Oktoba na Novemba. Ukifika tarehe 15 Desemba ungali unajadili utasafiri na nini, umeshachelewa.

Anza na kurudi

Watu wengi hupanga kwenda, suala la kurudi wakaliacha lijipange lenyewe. Hapo ndipo familia hukwama. Kwenda kuna nafuu kwa sababu watu hutoka Dar kidogo kidogo: wenye watoto shule zikifungwa, wafanyakazi likizo ikianza, wafanyabiashara mpaka mkesha. Kurudi hakuna nafuu hiyo. Kazini wanatakiwa wote siku moja, shule nazo zinafunguliwa, na mabasi ya kutoka Moshi, Himo, Marangu na Rombo hujaa yote kwa mpigo. Kwa hiyo chagua kwanza tarehe ya kurudi, kata tiketi hiyo, kisha ndiyo utafute ya kwenda. Ukiweza kushuka tarehe 28 au 29 Desemba, au ukavuta mpaka baada ya tarehe 7 Januari, utapata kiti bila kumpigia mtu simu. Wenye watoto wa shule waache siku mbili kamili nyumbani kabla ya kufungua. Sare hazijafuliwa, daftari hazijanunuliwa, na mtoto aliyeshuka basini usiku hafai kuamshwa alfajiri aende darasani.

Basi

Kutoka Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560, kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga na Himo. Nauli ina kikomo kinachowekwa kwa kilomita na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati, ambavyo kwa kilomita hizo ni kama 27,100 na 38,000. Kabla ya kulipa, tazama kiwango kinachotumika sasa kwa njia yako. Ukishaijua hesabu hiyo, hutababaishwa na anayekwambia "leo bei imepanda kwa sababu ya sikukuu". Sikukuu haipandishi kikomo. Hata hivyo, muulize basi ni la daraja gani, maana daraja tofauti lina bei tofauti kihalali.

Kata tiketi Novemba, kwenye ofisi ya kampuni au kwa mfumo wake wa mtandao, na uhakikishe ina jina lako, tarehe, namba ya kiti, muda wa kuondoka na namba ya basi. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono na mpiga debe getini haikulindi. Kiti hicho anaweza kuwa amewauzia watu watatu, na atakayekaa ni yule ambaye jina lake liko kwenye mfumo. Uliza pia basi linaanzia wapi hasa. Mengi huondoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi, lakini yapo yanayopakia kwanza kwenye ofisi za kampuni mjini, na abiria wa Mbagala au Gongo la Mboto akikosea hapo anapoteza asubuhi nzima. Fika saa moja kabla.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku. Kwa familia yenye watoto wadogo tunashauri la alfajiri. Mtoto mdogo anaweza kupakatwa, lakini saa tisa au kumi za kupakata ni adhabu kwa nyote wawili, kwa hiyo kama mfuko unaruhusu mkatie kiti. Asile mihogo ya kukaanga na soda kabla ya Chalinze. Mkate mkavu, ndizi na maji kidogo kidogo hukaa vizuri tumboni, na mifuko miwili mitatu ya kutapikia iwe mkononi, isiwe ndani ya begi lililo kwenye buti. Basi likisimama kuchimba dawa, shukeni hata kama hamjisikii, kwa sababu kituo kinachofuata dereva ndiye anayekijua.

Basi likiendeshwa kwa kasi mno, piga namba ya bure ya LATRA au polisi 112, ukitaja namba ya basi na eneo mlipo. Ni haki yako, na simu moja inaweza kutosha kulisimamisha mbele.

Treni na ndege kwa ufupi. Treni ya abiria ya Shirika la Reli (TRC) ilirudi Moshi Desemba 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya. Ni tulivu na inachukua mizigo, ila haisafiri kila siku na mvua kubwa huweza kuikatiza, hivyo usiitegemee kwa tarehe isiyoweza kusogezwa. Ndege hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni kama saa moja, lakini bei ya Desemba inavumilika tu kwa aliyekata Septemba au Oktoba.

Gari lako mwenyewe

Hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa ndipo penye hatari na gharama zilizojificha.

Mpelekee fundi gari wiki mbili kabla, siyo siku mbili. Wiki ya mwisho gereji zimejaa, fundi anaharakisha, na kifaa kilichofungwa jana hakijapata muda wa kuonyesha kasoro yake. Mwambie akague breki pedi na maji ya breki, mikanda, mipira ya rejeta na mfuniko wake, betri, vipangusa kioo na taa zote. Kisha endesha gari siku kadhaa za kawaida mjini. Kinachovuja kitajionyesha ukiwa bado karibu na gereji.

Matairi yanataka macho yako mwenyewe. Ubavuni pana tarakimu nne: 3521 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Tairi lililozidi miaka sita libadilishe hata kama kashata zake bado nene, kwa kuwa mpira hukauka na kupasuka ndani. Pima upepo asubuhi gari likiwa limepoa, na ufuate kipimo cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kati ya Mombo na Same barabara imenyooka, jua ni kali, na tairi lenye upepo mdogo hupasuka kirahisi: tairi hulala, hujikunja kila mzunguko, hupata joto, na mzigo wa watu saba na masanduku humalizia kazi. Tairi la akiba nalo lipimwe, na jeki isijazwe chini ya mizigo yote.

Mafuta yapigie hesabu hivi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita hutumia lita 56 hadi Moshi. Ongeza asilimia 10 kwa mzigo na kupanda, unapata kama 62. Kwenda na kurudi ni 124. Weka lita 25 nyingine za kuzunguka mlimani, maana kila siku kutakuwa na harusi, kipaimara au shangazi wa kumtembelea. Jumla ni kama lita 150. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo safari ya kurudi Januari inaweza kuwa na bei nyingine. Acha nafasi hapo.

Ondoka saa kumi alfajiri. Wa Tegeta, Bunju na Mbezi Beach wapite Bagamoyo, watokee Msata, waepuke foleni ya Kibaha na Chalinze. Barabara kwa sehemu kubwa ni njia moja kwenda na moja kurudi, na malori ni mengi. Ajali mbaya hutokana na kuyapita kwa pupa kwenye mlima au kona, na anayefanya hivyo huokoa dakika chache tu. Vijijini kibao kinasema 50, na askari wa tochi ya kupima mwendo mara nyingi yuko mita chache baada yake. Kila kosa lina faini yake. Kabla ya kuondoka angalia kwenye mfumo wa polisi kama gari lina deni la faini, ulipe ukiwa nyumbani badala ya kusimamishwa nalo Korogwe. Badilishaneni usukani kila saa mbili au tatu. Dereva aliyekesha akifunga mizigo asianze yeye.

Ukishafika, barabara za Kibosho, Uru, Machame au Marangu ni mteremko mkali, na Desemba hunyesha. Ukishuka, weka gia ndogo (kwa otomatiki 2 au L) uache injini ishike gari. Ukikanyaga breki mfululizo, pedi hupata moto na kupoteza nguvu.

Pesa na nyumba ya wazazi

Kabla ya kununua hata zawadi moja, tenga ada, sare na kodi ya nyumba ya Januari, uziweke kwenye akaunti ambayo kadi yake hutasafiri nayo. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kisha gawa: usafiri, mchango wa familia, sadaka na harambee kanisani, wageni, na akiba ya kama sehemu ya kumi kwa dharura.

Mchango wa familia ujadiliwe Oktoba kwenye kundi la simu, kwa kiasi kinachotajwa waziwazi na mtu mmoja wa kutunza fedha. Mbuzi wa ndafu, yaani wa kuchomwa mzima, anunuliwe Novemba na alishwe nyumbani. Tarehe 23 bei itakuwa nyingine kabisa. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, nayo haitengenezwi kwa siku moja: ndizi lazima ziive, zichemshwe, zikae, ndipo uchanganywe ulezi, hivyo mpe mama au mpishi taarifa wiki mbili kabla. Muulize pia kwa adabu vitanda viko vingapi na blanketi ngapi. Watoto wa Dar huugulia baridi ya juu usiku wa kwanza kwa kuwa wamefungashiwa kaptula.

Toa fedha taslimu ukiwa Himo au Moshi mjini kabla ya tarehe 22. Mkesha foleni za ATM huzunguka jengo, na wakala wa kijijini huishiwa noti.

Nyumba ya Dar: funga valvu ya gesi na koki kuu ya maji, acha umeme wa LUKU wa kutosha friji, na ufunguo mmoja kwa jirani unayemwamini. Usitangaze safari mitandaoni mpaka urudi.

Mzigo wa kurudi huwa mzito kuliko wa kwenda, kwa sababu hakuna mzazi atakayekuachia uondoke mikono mitupu. Mikungu ya ndizi na maparachichi vifungwe vikiwa vibichi, kwenye viroba vinavyopitisha hewa, vyenye jina na namba ya simu pande mbili. Kwenye basi lipia mzigo na udai stakabadhi yake. Kwenye gari weka vizito chini kabisa, karibu na viti vya nyuma, kisha upime tena upepo wa matairi kabla ya kushuka.